Kubadilishana wanafunzi na Ujerumani: mwongozo kuanzia pasipoti hadi siku mgeni wako atakapofika kwenu

Wapo vijana wa Kitanzania na Kikenya wanaokaa wiki kadhaa, wengine mwaka mzima, katika nyumba za familia za Kijerumani na kuingia darasani pamoja na watoto wa familia hizo. Nilikuwa mmoja wao nilipokuwa sekondari, nikapokelewa Hamburg, na tangu hapo nimekuwa nikisaidia kuwaandaa wanaofuata. Maandalizi mengi tunayopewa ni ya karatasi na nguo za baridi. Hayo ni ya lazima na nitayaeleza. Ila safari hizi hufana au huharibika kwa jambo jingine: kama mwanafunzi anaweza kufungua kinywa akasema anachohitaji, mbele ya watu wazima asiowajua, katika nchi ambako hakuna atakayemkisia. Ndiyo maana hatua ya tano, ya maisha ya nyumbani, ni ndefu kuliko nyingine. Ukiwa na haraka, isome hiyo kwanza.

1. Jua unakwenda kwa mpango gani

Safari hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya shule na shule: shule yenu ina shule rafiki Ujerumani, kundi la wanafunzi na walimu linakwenda kwa wiki mbili hadi nne, kisha wale wa kule nao wanakuja kwenu. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu 2010, na urafiki wa shule umekua ndani ya uhusiano huo. Serikali ya Ujerumani pia ina mpango unaoitwa ENSA unaosaidia kugharamia ziara za shule rafiki. Aina ya pili ni ya mwanafunzi mmoja mmoja anayekwenda kwa muhula au mwaka kupitia shirika la kubadilishana vijana. Karatasi zake ni nyingi zaidi na upweke wake ni mkubwa zaidi.

Kabla mzazi hajatoa hata shilingi, aulize mambo haya na apate majibu kwa maandishi: shule inayopokea inaitwaje, mwalimu gani wa kule anahusika, nani analipa tiketi, bima na nauli za mjini, familia mwenyeji imeshapatikana au bado, na mtoto akishindwana na familia hiyo, nani ana mamlaka ya kumhamisha. Kama anayewaandikisha hawezi kuwapa barua yenye saini ya mkuu wa shule ya kule, msimpe pesa.

2. Karatasi

Anza na pasipoti, na anza mapema, maana cheti cha kuzaliwa chenye jina lililoandikwa tofauti na jina la shuleni kinaweza kukukwamisha kwa miezi. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu ya uhai baada ya siku utakayoondoka Ulaya, kurasa mbili tupu, na iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita.

Safari isiyozidi siku 90 inahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika kundi la nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri hiyo siku ya 15, kwa sababu ubalozi ukitaka kuchunguza zaidi unaweza kuchukua hadi siku 45. Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000 na iwe inakubalika katika nchi zote za Schengen. Kuanzia umri wa miaka 12 unapigwa alama za vidole, kwa hiyo lazima ufike mwenyewe.

Ada ya viza ni euro 90, na hapa wazazi wengi hulipa wasichodaiwa. Kanuni za Schengen zinawasamehe ada hiyo wanafunzi wa shule na walimu wanaowasindikiza kama safari ni ya masomo. Barua ya mwaliko na barua ya shule yenu ziseme wazi kwamba hii ni ziara ya masomo ya shule rafiki, zitaje tarehe, na ziambatanishe orodha ya wanafunzi na walimu. Kama maombi yanapokelewa na wakala kwa niaba ya ubalozi, wakala anaweza kutoza ada yake ya huduma. Hiyo ni nyingine.

Kwa aliye chini ya miaka 18, ubalozi unataka ridhaa ya wazazi wote wawili, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mzazi mmoja akiwa ametangulia mbele ya haki, peleka cheti cha kifo. Ukiwa unalelewa na shangazi au bibi, peleka hati ya mahakama inayomtambua kuwa mlezi. Hili la ulezi ndilo linalowaangusha watoto wetu wengi, kwa sababu katika ukoo mtoto hulelewa na yeyote bila karatasi, na afisa wa ubalozi anataka karatasi. Nenda mahakamani mara tu unapoambiwa umechaguliwa.

Anayekwenda kwa zaidi ya siku 90 anaomba viza ya kitaifa ya Ujerumani. Akifika anatakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi ya mji wake ndani ya wiki mbili, kisha afuatilie kibali cha ukaazi kwenye ofisi ya wageni. Familia mwenyeji humpeleka, lakini ni juu yake kukumbusha.

3. Lugha: kidogo, ila iliyo sahihi

Wiki tatu za Kijerumani hazitakufanya uelewe somo la kemia. Jifunze sentensi za kukuokoa, uzikariri hadi zitoke bila kufikiri. Ichukue hii iwe ya kwanza: „Ich habe das nicht verstanden“, yaani sijaelewa. Nyingine: „Ich habe noch Hunger“, bado nina njaa. „Mir ist kalt“, nasikia baridi. „Ich bin müde, ich möchte schlafen“, nimechoka, nataka kulala. „Ich esse kein Schweinefleisch“, sili nguruwe. Utaona zote ni za kusema hali yako. Salamu na majina ya rangi utayapata hukohuko.

Jifunze na saa. Mjerumani akikwambia „halb acht“ anamaanisha saa moja na nusu, siyo saa mbili na nusu. Kwa treni ya asubuhi hiyo ni tofauti ya saa nzima. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, kwa hiyo mwambie mama asikupigie saa kumi na moja alfajiri akidhani umeshaamka.

4. Begi

Usinunue koti la baridi mtumbani kabla hujaiuliza familia mwenyeji. Nyingi zina makoti ya watoto waliokua, na la kule limeshonwa kwa baridi ya kule. Nunua huku soksi nene, fulana za kuvaa ndani, na viatu vya kufunika mguu visivyopitisha maji. Hamburg inanyesha mvua nyembamba ya siku nzima, na kinacholowa kwanza ni miguu. Soketi zao ni za matundu mawili ya duara, kwa hiyo chaja zetu za pini tatu bapa zinahitaji adapta. Umeme wao ni wa volti 230, karibu sawa na wetu.

Kwa wasichana, na wavulana wenye rasta: suka kabla ya kuondoka, beba mafuta yako na chanuo lako. Saluni za nywele zetu zipo katika miji mikubwa lakini bei itakushtua, na mji mdogo unaweza usiwe nayo kabisa.

Zawadi zina sheria. Nyama na maziwa ya aina yoyote kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii, kwa hiyo samli ya bibi na nyama kavu viache. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache: nanasi, ndizi, nazi na tende vinaingia bila cheti hicho, embe haliingii. Kahawa, majani ya chai, korosho zilizokaangwa na viungo vikavu vya Zanzibar havina shida kwa kiasi cha zawadi. Kanga ni zawadi nzuri kuliko zote. Haina uzito, na utakapoulizwa jina lake linasema nini, mtakuwa na mazungumzo ya jioni nzima.

5. Nyumbani kwa wenyeji

Sisi tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu haombi. Mgeni anakaribishwa mara tatu, anakataa mara mbili, na mwenye nyumba anajua kwamba kukataa kule si kukataa. Mama akikuona umenyamaza anajua una njaa, bibi akikuona umejikunyata anakuletea shuka. Mtu mzima husoma uso wa mtoto.

Ujerumani mtu mzima anangoja useme. Kukuuliza ni heshima kwako, na kulichukua jibu lako kama lilivyo ni heshima pia. Sasa tazama meza ya jioni. Nyumba nyingi hupika chakula cha moto mara moja tu kwa siku, na kama kilikuwa cha mchana, jioni ni mkate. Kila mtu ana kibao kidogo cha mbao mbele yake na kisu. Katikati kuna kikapu cha mkate mweusi uliokatwa vipande, siagi, jibini ya aina mbili tatu, soseji zilizokatwa nyembamba, matango ya siki kwenye chupa, labda nyanya. Hakuna anayekupakulia. Unachukua kipande chako, unapaka, unaweka unachotaka juu yake, unakula. Ukimaliza kipande kimoja, mama wa nyumba anauliza: „Möchtest du noch etwas?“, yaani unataka kuongeza? Ukisema hapana kwa adabu za kwetu, ukingoja karibu ya pili, yeye anafunika siagi, na meza inaondolewa. Hakuna aliyekunyima. Umesema umeshiba, akakuamini. Nimewapokea vijana uwanja wa ndege waliorudi wamekonda, na familia zao za kule hazikujua kabisa kwamba walikuwa wakilala na njaa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, siku ya kwanza ile ya kuonyeshwa chumba, uliza mambo haya hata kama mdomo unakuwa mzito: nikisikia njaa usiku nichukue nini jikoni bila kuuliza? Naoga saa ngapi, na maji ya moto yanatosha watu wangapi? Nguo zangu nazifua vipi? Intaneti ina neno gani la siri? Nikitaka kutoka, namwambia nani, na niwe nimerudi saa ngapi? Waandikie kwenye karatasi kama huwezi kuyasema yote. Hawatakuona mkosefu wa adabu. Watashukuru, kwa sababu na wao walikuwa wakijiuliza wewe unataka nini.

Bafu ni somo lake. Sakafu ya bafu la Kijerumani mara nyingi haina tundu la kutolea maji. Maji yote yabaki ndani ya sinki la kuogea, pazia liwe ndani, na ukimaliza futa. Ukimwagia sakafuni kama kwetu, maji yatashuka kwa jirani wa chini. Chooni kuna karatasi, hakuna maji ya kujisafishia, basi anayehitaji maji abebe chupa ndogo ya kujaza kwenye bomba. Wavulana, katika nyumba nyingi mnaombwa kukaa hata kwa haja ndogo. Na kuhusu nguo za ndani: kwetu kila mtu hufua zake kwa mkono na kuzianika mahali pa faragha. Kule zote huingia mashineni pamoja na za familia, na mama wa nyumba hashangai. Ukiona haya, sema unapenda kufua zako mwenyewe na uulize pa kuzianika. Usizifiche zikiwa mbichi kabatini.

Mengine kwa haraka. Viatu vinavuliwa mlangoni. Maji ya bomba yanakunywika. Dirisha linafunguliwa wazi kwa dakika chache asubuhi hata kukiwa na baridi kali, kisha linafungwa. Hapo katikati zima kipasha joto. Taka zinagawanywa: karatasi peke yake, vifungashio peke yake, mabaki ya chakula peke yake, na uchafu mwingine. Chupa nyingi za plastiki na makopo vina amana ya senti 25, kwa hiyo havitupwi, vinarudishwa kwenye mashine ya supamaketi na unapewa risiti ya kuchukulia pesa. Jumapili maduka yamefungwa na watu wanataka utulivu, usipige muziki wala kumwita rafiki kwa sauti barazani. Saa nne usiku kelele zinakwisha.

Mlango wa chumba uliofungwa haumaanishi mtu amekasirika. Hata watoto wao hufunga, na unabisha kabla ya kuingia. Wewe nawe unaruhusiwa kufunga wako. Lakini usikae ndani muda wote na simu ya nyumbani. Wenyeji wako watadhani unataka kuachwa peke yako, na watakuacha. Kaa sebuleni nusu saa kila siku hata kama huelewi kinachosemwa.

Wazazi wa kule kwa kawaida watataka uwaite kwa jina lao la kwanza. Ulimi utakataa. Mtu wa rika la mama yako humwiti tu jina! Waite, kwa sababu wamekuomba, na kule ndiyo namna yao ya kukuingiza nyumbani. Waelezee pia kwamba kwetu ungewaita Mama wa fulani na kuwaamkia shikamoo. Nilipowaeleza wenyeji wangu, mdogo wa nyumba ile alijifunza kuitikia marahaba na akawa anaidai kila asubuhi. Mwalimu ni jambo jingine: yeye anaitwa Bwana au Bibi na jina la ukoo, na unamtumia lugha ya heshima.

Kwa Waislamu: familia ijue kabla hujafika kwamba huli nguruwe, na wakumbushe kwamba soseji nyingi zina nyama yake, na hata peremende laini za mpira nyingi zina gelatini inayotokana naye. Wengi watahangaika kwa nia njema kukutafutia chakula, na maduka ya Waturuki yenye nyama halali yako karibu kila mji. Sema pia nyakati zako za swala na uombe kona safi. Hakuna haja ya kujificha.

Pombe nayo: sheria ya Ujerumani inaruhusu bia na divai kuanzia miaka 16, kwa hiyo utaona wenzako wakinywa mbele ya wazazi wao. Wewe unafuata masharti ya programu yako na ya wazazi wako. Agiza maji ya tofaa yenye gesi, sema „Nein, danke“, hapana, asante, na hapo ndipo lile jibu la mara moja linapokufaa, maana hakuna atakayekulazimisha.

Wiki ya pili, pika. Ugali unahitaji unga mweupe wa mahindi, na Hamburg unaupata kwenye maduka ya Waafrika na Waasia ya mtaa wa Steindamm karibu na stesheni kuu. Supamaketi ya kawaida ina unga wa njano wa mahindi ambao ni mkavu na wenye chenga, unasongeka lakini haushikani vizuri. Waonyeshe kumega, kufinyanga na kuchovya kwenye mchuzi. Wakikuona umesimama jikoni mwao na mwiko mkononi, unaamuru nani akate mchicha na nani akune nazi, mambo mengi yanalegea ambayo lugha ilishindwa kuyalegeza.

6. Shuleni

Hakuna sare, hakuna paredi ya asubuhi, hakuna viboko. Wanafunzi wanamjibu mwalimu kwa namna ambayo kwetu ingekuwa ukaidi. Usiige haraka, ila usidhani hawamheshimu. Mwalimu anataka hoja. Katika masomo mengi kuchangia kwa mdomo kuna uzito mkubwa kwenye alama, pengine sawa na mtihani, kwa hiyo mikono iko juu muda wote. Wewe uliyezoea kwamba mwanafunzi mzuri hunyamaza na kuandika utaonekana huna la kusema. Jipe lengo dogo: mkono mmoja kwa siku, hata kama ni kwa Kiingereza, hata kama ni swali tu.

Alama zao zinachanganya. Ujerumani 1 ni bora kabisa na 6 ni kufeli. Austria ni 1 hadi 5, na 1 ndiyo ya juu. Uswisi mambo yamegeuka: 6 ndiyo bora na 1 ni mbaya. Mwenzako wa Zürich akishangilia 6, mpongeze.

Hamburg kuna aina mbili za sekondari. Gymnasium humfikisha mwanafunzi kwenye Abitur, mtihani wa kumaliza sekondari na kuingia chuo kikuu, baada ya miaka 12 ya shule, na Stadtteilschule baada ya 13. Uliza mwenyeji wako anasoma ipi na kwa nini. Somo litakalokufurahisha usilolitegemea huenda likawa la michezo ya kuigiza au sanaa, kwa sababu huko lugha haikuzuii.

Watakuuliza maswali kuhusu kwetu. Mengine yatauma: mna nyumba? Mnasoma chini ya mti? Kabla ya kuondoka andaa picha zako mwenyewe kwenye simu: mtaa wenu, shule yenu, soko, foleni ya Ubungo au Thika Road, dada yako akifanya kazi kwenye kompyuta, shamba la babu. Usifiche umaskini wala usiupambe. Waonyeshe yote kwa uwiano unaoujua.

7. Mjini

Treni za chini na za juu hazina geti wala kondakta. Unaingia tu, na ndiyo maana wageni hudhani ni bure. Wakaguzi wanaweza kupanda bila sare, na asiye na tiketi anatozwa euro 60. Shule inayopokea kwa kawaida huandaa tiketi za kundi. Anayekaa muda mrefu hutumia tiketi ya mwezi ya nchi nzima, inayoitwa Deutschlandticket, iliyoanza kwa euro 49 Mei 2023 na kufika 63 Januari 2026. Usitembee kwenye njia ya baiskeli. Taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu, simama hata kama hakuna gari, hasa watoto wadogo wakikuona.

Ukiahidi saa kumi, fika saa kumi kasoro dakika tano. Ukichelewa, tuma ujumbe kabla ya saa yenyewe. Familia itakayokungoja bila habari itakuwa imeshapiga simu kwa mwalimu.

8. Mwili na moyo

Hili liandike kwenye karatasi iliyo ndani ya pasipoti. Ukipata homa ukiwa kule, hata wiki kadhaa baada ya kuondoka nyumbani, mwambie daktari papo hapo kwamba umetoka eneo lenye malaria na unataka kipimo leo. Daktari wa mtaani kule huona mafua, haoni malaria, na anaweza kukurudisha na chai ya mitishamba. Sentensi ni hii: „Ich komme aus einem Malariagebiet.“ Wa Hamburg wana bahati: Taasisi ya Bernhard Nocht ya magonjwa ya nchi za joto iko mjini humo tangu 1900. Namba ya dharura ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 112, polisi 110, na daktari wa usiku au Jumapili 116117.

Wakati wa baridi giza ni zito. Desemba jua la Hamburg linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Kwa mtu wa ikweta hilo linashusha moyo bila sababu ya kueleweka. Toka nje mchana kila siku, hata robo saa. Juni ni kinyume chake, jua linakaribia saa nne usiku kabla ya kuzama na usingizi unakataa. Funga mapazia.

Ubaguzi upo. Mara nyingi ni mtu kukushika nywele bila ruhusa, au mzee kukutazama muda mrefu kwenye basi. Mara nyingine ni tusi. Usiumeze ukadhani mgeni hana haki ya kulalamika. Mwambie mwenyeji wako na walimu wote wawili, wa kwetu na wa kule, siku ileile. Kama kuna jambo huwezi kuwaambia, namba ya vijana 116111 ni ya bure na haihitaji jina. Na kama tatizo liko ndani ya nyumba unayokaa, mwalimu ndiye wa kwanza kujua. Kuhamishwa familia ni jambo la kawaida katika programu hizi.

9. Historia mtakayokutana nayo

Mtanzania anayekwenda Ujerumani anafika na historia mkononi, na wenzake darasani mara nyingi hawakufundishwa. Soma kabla: Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na wakoloni wa Kijerumani, ambaye fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 kutoka Bremen, vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na siku ya Novemba 2023 ambapo Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alisimama Songea na kuomba msamaha. Ukifika Berlin, nenda Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Katika ukumbi mkubwa kuna mifupa ya mjusi wa kale (dinosaria) mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka chini hadi kichwani. Ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na wachimbaji wengi na wachukuzi walioipeleka hadi bandarini walikuwa watu wa kwetu. Mwambie mwenzako Mjerumani asimame hapo pamoja nawe. Hamburg kwenyewe, mtaa wa Jenfeld, kuna sanamu za askari wetu zilizotengenezwa kulitukuza jeshi la kikoloni la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Omba mwalimu awapeleke na mzungumze papo hapo.

Na wao wana historia yao wanayoibeba. Madarasa ya Hamburg hutembelea Neuengamme, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi kuanzia 1938 hadi 1945, ambako zaidi ya watu 100,000 walifungwa. Hapo hakuna picha za kucheka. Kwetu kuna watu hutaniwa kwa jina la Hitler na vijana wanaiga saluti yake kwa mzaha. Kule saluti hiyo ni kosa la jinai na utani huo utavunja urafiki wote. Waeleze wenzako wa msafara kabla hamjapanda ndege.

10. Zamu yako ya kupokea

Kubadilishana hakujakamilika hadi mwenyeji wako alale nyumbani kwenu. Sasa wewe ndiye unayejua pande zote mbili, basi waandae wazazi wako kama ulivyotamani kuandaliwa. Waambie mgeni akisema ameshiba, ameshiba. Wasimjazie sahani hadi alie. Akitaka kukaa chumbani peke yake saa moja baada ya shule, hajanuna, wasimtumie wadogo zako wamchangamshe. Maji yake yawe ya chupa au yaliyochemshwa, hata ya kupigia mswaki. Chandarua kiwe kizima na kichomekwe chini ya godoro, na umuulize kama anakunywa dawa zake za kinga ya malaria, maana wengi huziacha wakizoea. Choo kikiwa cha kuchuchumaa, mwonyeshe mchana, usimwache akigundue usiku kwa tochi.

Mwezi mmoja kabla hajaja, mwandikie barua yenye ratiba ya nyumba yenu: nani analala wapi, mnaamka saa ngapi, msikiti au kanisa la karibu linapaza sauti saa ngapi, umeme ukikatika mnafanyaje, mnavaaje mtaani na mnavaaje mkienda kwa bibi. Mwachie na nafasi ya kuuliza maswali yake, na mjibu kila moja.